Neno "Ominously": Maana Yake na Matumizi Yake



Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayowatatiza wanafunzi wetu katika insha ni "ominously". Kamusi humwambia mwanafunzi kuwa maana yake ni "kwa namna ya kutisha", naye akishasoma hivyo hulitia kila penye jambo baya. Hapo ndipo alama zinapopotea.

Asili yake ni neno la Kilatini "omen", yaani dalili ya jambo lijalo, liwe jema au baya. Warumi wa kale walikuwa wakitafuta dalili hizo kwa ndege. Mwaka 249 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.), jemadari wao Publius Claudius Pulcher alikuwa baharini karibu na Drepana, Sicily. Husimuliwa kuwa alipoambiwa kuku watakatifu wamekataa kula, aliamuru watupwe majini wakanywe kama hawataki kula. Akashindwa vita, na kushindwa huko kukahusishwa na kuwadharau kuku.

Waarabu wa zama za Jahiliya nao walimshtua ndege kabla ya safari: akiruka kulia wanakwenda, akiruka kushoto wanarudi. Ndiyo maana mkosi wa namna hii huitwa "tiyara", kutokana na "tayr", ndege. Nasi Waswahili tunasema "ndege mbaya", na bundi akilia juu ya paa watu hunong'onezana. Lugha zimeachana mbali, lakini ndege wamekuwa wale wale.

Mtume (S.A.W.) aliikanusha tiyara, akapendezwa na fali, nayo ni neno jema, kama walivyopokea Bukhari na Muslim. Je, mwanafunzi Muislamu akiandika "ominously" ameingia katika tiyara? La. Neno hili linaeleza hofu inayomjia mwenye kuona au kusikia. Halisemi kwamba bundi anajua ghaibu. Lililokatazwa ni kuamini mkosi huo hata ukaacha shughuli yako. Na mawingu meusi si tiyara hata kidogo, bali ni sababu ya mvua inayojulikana.

Sasa tutazame matumizi. Ukiandika "The sky darkened ominously", umesema mbingu ilitanda kiza kwa namna ya kumtia mtu wasiwasi kuwa kuna jambo linakuja. Huenda dhoruba ikaja, huenda isije. Kwa hiyo ni kosa kuandika "The bus crashed ominously", kwa kuwa ajali imekwishatokea na hakuna tena cha kuhofiwa mbele. Vile vile mgonjwa mahututi ni "seriously ill", si "ominously ill".

Neno hili hupendeza zaidi pamoja na sauti na ukimya. "The dog growled ominously": mbwa amenguruma, hajauma bado. "The house was ominously quiet": nyumba ilikuwa kimya, na ukimya wenyewe ukatia shaka. Mama akimwambia mtoto mtundu, "Wait until your father comes," mwandishi anaweza kuongeza "she said ominously", na kila msomaji ataelewa kinachomngoja mtoto yule.

Katika kutamka, mkazo huwekwa mwanzoni kabisa, kwenye "o", wala si kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama tulivyozoea katika Kiswahili.