Kidato cha sita au chuo cha biashara? Mzazi, piga hesabu kwanza

KILA matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, swali moja husikika kuanzia soko la samaki la Feri mjini Mtwara hadi vijiji vya korosho vya Nanguruwe na Kilambo. Je, kijana aende kidato cha tano, au auruke mtihani wa kidato cha sita na kuingia moja kwa moja chuo cha biashara?

Mama mmoja muuza dagaa aliniuliza hivi: "Mwanangu, huo mtihani una faida gani, kama hapa mjini kipo chuo kinachompokea binti yangu kwa cheti chake cha kidato cha nne?" Nami nikamuuliza, "Mama, unataka binti afike wapi?" Akajibu bila kusita, "Afike digrii."

Hapo ndipo hesabu inapoanzia.

Ni kweli kwamba njia ya kuuruka mtihani ipo na ni halali. Taasisi ya Uhasibu Tanzania (TIA) ina kampasi Mtwara, na mwenye ufaulu wa angalau masomo manne ya kidato cha nne, yasiyo ya dini, anaweza kuomba astashahada. Hiyo ni mwaka mmoja. Stashahada huchukua miaka miwili zaidi, na shahada miaka mitatu. Jumla ni miaka sita.

Njia ya kidato cha sita ni miaka miwili ya shule na mitatu ya shahada, yaani miaka mitano. Lakini mlango wake ni mwembamba. Kidato cha tano huhitaji angalau alama C katika masomo matatu. Baadaye chuo kikuu hudai ufaulu wa masomo mawili makuu yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa maana hiyo, D mbili zinatosha kufikia kiwango hicho cha chini, lakini E mbili hazitoshi.

Akizikosa pointi hizo hajapoteza kila kitu. Mwenye ufaulu wa somo moja kuu na jingine la kiwango cha chini yake anaweza kuomba stashahada. Ila sasa ni miaka miwili ya shule, miwili ya stashahada na mitatu ya shahada. Jumla ni miaka saba.

Kwa hiyo mzazi ana namba tatu mkononi: mitano akifaulu, saba akikosa, sita akiuruka mtihani. Kwa upande wa muda peke yake, kidato cha sita kinalipa iwapo uwezekano wa kijana kupata pointi 4 ni zaidi ya nusu. Mwenye C na B kadhaa za kidato cha nne, hasa katika hisabati, biashara na uhifadhi wa hesabu, asiuogope mtihani huo. Aliyepata C tatu kwa taabu afikirie mara mbili.

Baada ya muda, tazama mfuko. Serikali ilifuta ada ya kidato cha tano na sita katika shule zake kuanzia mwaka wa fedha 2022/2023. Hata hivyo, nauli, godoro na sare hudaiwa shule zinapofunguliwa Julai, wakati fedha ya mkulima imekwenda kwenye salfa na kupulizia mikorosho. Chuo hutoza ada, lakini masomo huanza karibu na minada ya korosho, na kijana wa mjini anaweza kulala nyumbani na kusaidia dukani. Chukua jedwali la ada chuoni, zidisha kwa miaka mitatu, kisha amua.

Jambo la tatu ni cheti cha kukamata njiani. Aliyepita chuoni, baada ya miaka mitatu ana stashahada ya kuombea kazi ya uhasibu au ugavi, hata fedha ya shahada isipopatikana. Aliyemaliza kidato cha sita hana ujuzi wa kuuza. Kwa familia inayotegemea msimu mmoja wa korosho, hiyo ni bima.

Lakini wapo wanaodhani kuuruka mtihani ni kukwepa kupimwa. Hilo ni kosa. Chuoni kuna mitihani kila muhula, na ili stashahada ikupeleke shahada, wastani wako usipungue 3.0. Aliyeuza korosho kwa kangomba alikwepa mizani ya chama, lakini hakukwepa kupimwa. Alipimwa kwa bakuli la mnunuzi.

Mjadala huu haupo Mtwara peke yake. Huko Marekani, chuo cha MIT kiliacha kudai mtihani wa SAT kwa waombaji wa shahada ya kwanza mwaka 2020, kikaurudisha mwaka 2022 kikieleza kuwa alama hizo husaidia kumtambua kijana mwenye uwezo aliyetoka shule duni. Mtihani wa taifa nao unaweza kumsaidia mtoto wa kijijini, kwani msahihishaji hajui baba yake ni nani.

Yule mama alinionyesha matokeo ya binti: B mbili, C nne. Nilimshauri ampeleke kidato cha tano, mchepuo wa uchumi, biashara na uhasibu. Angekuwa na D tupu ningemwelekeza chuoni siku hiyo hiyo, bila aibu yoyote.

Basi mzazi, usifuate jirani kafanya nini. Chukua karatasi ya matokeo, kalamu na daftari la duka, uketi na mwanao mpige hesabu pamoja.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi kilimo.