Mchanga wa Kwale Ulivyochambuliwa kwa Sumaku na Umeme

Katika mchanga mwekundu wa Maumba na Nguluku, Kaunti ya Kwale, mlikuwa na madini matatu yenye thamani: ilmenaiti, rutaili na zirkoni. Mawili ya kwanza hutoa unga mweupe wa kutengenezea rangi za nyumba, na zirkoni hutumiwa katika vigae. Kampuni ya Base Titanium iliyatoa tangu mwaka 2013 mpaka Desemba 2024. Chembe zake ni ndogo mno, wala hapana mikono iwezayo kuzichambua. Kazi hiyo ilifanywa na mitambo, nayo yafaa kuelezwa.

Mchukuzi wa kwanza alikuwa maji. Mchanga ulichanganywa na maji ukawa kama uji, ukasukumwa na pampu ndani ya mabomba mpaka kiwandani. Huko udongo laini uliondolewa, na uji ukateremshwa katika mifereji iliyojizungusha kama parafujo. Chembe nzito zilikaa upande wa ndani, na mchanga mwepesi ukaenda upande wa nje. Jambo hili ni ndugu ya kupeta mchele kwa ungo: kizito hubaki, chepesi huenda zake.

Kisha ikaja zamu ya sumaku. Ilmenaiti huvutwa na sumaku yenye nguvu nyingi. Rutaili na zirkoni hazivutwi. Hivyo ilmenaiti ikatengwa.

Mwisho ulitumiwa umeme. Chembe zilizosalia zilikaushwa, zikatiwa umeme, zikamwagwa juu ya pipa la chuma lizungukalo. Rutaili hupitisha umeme, kwa hiyo huupoteza mara moja katika chuma na kurushwa mbali. Zirkoni haiupitishi, basi hulinata pipa mpaka ipanguswe kwa brashi. Ilmenaiti ilipelekwa kwa malori mpaka Likoni, na huko ukanda mrefu uendao wenyewe uliipakia melini.

Katika safari hiyo yote mikono ya watu ilihitajiwa kuendesha, kuangalia na kutengeneza mitambo, si kuchambua mchanga. Jamaa nyingi zilihama ili kuupisha mgodi huo, na sasa mgodi wenyewe umekwisha. Lakini fundi aliyejifunza kutengeneza pampu na mota za umeme anaweza kuuchukua ujuzi wake mpaka kiwanda kingine. Wazazi wa Msambweni na Diani wenye vijana shuleni wayatie maanani hayo: madini huisha, ufundi hauishi.