Nyumba za Kupangisha Zilizo Mbali: Kuzisimamia na Kuzipunguza

Zipo parokia za vijijini hapa Tanzania zenye nyumba mbili tatu za kupangisha mjini. Kodi yake husaidia kulipa walimu wa chekechea au kununua dawa za zahanati. Ikipotea njiani, anayeumia ni mtoto na mgonjwa. Tunaeleza hapa namna ya kuzisimamia nyumba hizo bila wakala, na namna ya kuzipunguza zinapokuwa mzigo.

Kwanza ni maandishi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mpangaji awe na mkataba unaotaja kodi, muda, notisi na nani atengeneze nini. Kodi iingie moja kwa moja katika akaunti ya parokia, isipitie mkononi mwa mtu. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa mpangaji anaponunua umeme wa LUKU. Mzigo huo ni wa mwenye nyumba, kwa hiyo kubalianeni mapema jinsi ya kumrudishia.

Pili ni ukaguzi. Tafuteni fundi anayeishi jirani na nyumba, lakini asiwe yeye anayepokea kodi. Wajumbe wawili wazitembelee kila miezi mitatu, na kabla ya masika waangalie bati, mifereji na shimo la choo.

Tatu ni hesabu ya kila nyumba peke yake. Tuchukue mfano wa nyumba ya shilingi 100,000 kwa mwezi, yaani 1,200,000 kwa mwaka. Ikikaa tupu miezi miwili, ikatengenezwa kwa 450,000, na nauli za wajumbe zikafika 200,000, kinachobaki ni 350,000, kabla ya kodi za serikali. Nyumba ikionyesha hali hiyo miaka mitatu mfululizo, hiyo ndiyo ya kuuzwa kwanza.

Nne ni mauzo. Uzeni moja moja, mkianza na inayokula zaidi na kubakiza ile imara. Subirini mkataba wa mpangaji uishe, naye aulizwe kwanza kama angependa kununua. Angalieni hati: ikiwa imeandikwa kwa jina la wadhamini waliosajiliwa, kamati haina mamlaka ya kuuza bila wao. Mwiteni mthamini aliyesajiliwa, na ulizeni ofisi ya TRA kuhusu kodi ya faida ya mauzo kabla ya kupatana bei. Kama nyumba ilijengwa kwa msaada wa wafadhili, waarifiwe kabla, si baada.

Fedha za mauzo zisiingie katika matumizi ya kila siku. Ziwekwe katika akaunti ya pekee mpaka mkutano wa parokia uamue, kwa muhtasari ulioandikwa, zitafanya kazi gani. Nyumba ikiisha na fedha yake ikaisha, chekechea na zahanati zitabaki bila tegemeo.