Filamu zetu nzuri zinatazamwa na nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa huu ili nami, mtazamaji wa kawaida, nitoe maoni yangu juu ya sinema na michezo ya televisheni iliyonifurahisha na ile iliyonikera. Mimi si msanii wala sikusomea mambo hayo. Kazi yangu ni kuketi na kutazama, na kazi hiyo nimeifanya kwa miaka mingi.

Sisi wa Tanga tuliionja televisheni mapema kuliko ndugu zetu wengi wa Bara. Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwaka 1973, na Bara tukasubiri hadi 1994. Katika miaka hiyo ya kungoja, mwenye seti na mlingoti mrefu aliweza kunasa picha za Unguja au za Kenya, zikija na chenga tele. Ndipo tulipomjua Mzee Ojwang wa Vitimbi, na washitakiwa wa Vioja Mahakamani. Huo mchezo wa Vioja ulikuwa na chumba kimoja tu: hakimu, kizimba, na mtu anayejitetea kwa Kiswahili cha kwao. Hapakuwa na gari la fahari wala nyumba ya ghorofa. Lakini mshitakiwa akianza kujieleza ulimtambua mara moja, kwamba huyu ndiye yule jirani aliyeazima baiskeli akairudisha haina kengele.

Mwenzetu wa hapa Tanga, marehemu Amri Athumani, yaani King Majuto, aliyefariki mwaka 2018, alikuwa na kipaji hicho hicho. Akinyamaza tu na kukutazama, nyumba nzima ilicheka.

Sasa nije kwenye masikitiko. Filamu ya Girlfriend ilipotoka mwaka 2003 tulifurahi sana, maana tulijiona wenyewe kwenye kioo. Baada ya hapo zikaja filamu kama mvua ya masika, na nyingi kati ya hizo, kwa kweli, zilinichosha. Gari linafika getini, linapiga honi, mlinzi anafungua, gari linaingia, mtu anashuka, anafunga mlango, anapanda ngazi. Dakika tano zimekwisha na hakuna aliyesema neno! Mwenye nyumba ni tajiri, lakini hatuambiwi anauza nini. Hana duka, hana shamba, hana ofisi. Kazi yake ni kukaa sebuleni na kugombana na mkewe.

Halafu kuna hili la sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Niliwahi kununua kanda yenye kisa kizuri cha mirathi, na pale ndugu walipokaa kikao tu, yakatokea maandishi kwamba tusubiri sehemu ya pili. Nilirudi kwa muuzaji mara tatu. Ilipofika, robo yake ya kwanza ilikuwa ni kurudia yale niliyokwisha kuyaona, na pesa ilikuwa ile ile. Mtengenezaji simtaji, maana hakuwa peke yake katika mchezo huo.

Kuhusu majina nako nina neno. Marehemu Steven Kanumba, aliyetutoka Aprili 2012, alikuwa mwigizaji hasa, na kijana yule alilia machozi tukalia naye. Lakini kwa nini filamu zinazosema Kiswahili ziitwe Uncle JJ na Devil Kingdom? Nimewahi kujibiwa kwamba jina la Kiingereza ndilo linalouza. Sikubaliani na jibu hilo, na shahidi wangu ni Wachina.

Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, Doudou na Mama Wakwe Zake. Bibi harusi wa Beijing anaolewa na kijana ambaye wazazi wake waliachana, hivyo anajikuta na mama wakwe wawili, kila mmoja na amri zake. Pale mtaani kwetu akina mama waliacha vyungu motoni. Hawakuwa na habari na Beijing, ila walikuwa na habari na wakwe. Hata Rais Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013 aliitaja tamthilia hiyo. Basi kama Doudou ametufikia kwa lugha yetu, sisi tunamkimbilia nani kwa Kiingereza?

Wala nisionekane mtu wa kulalamika tu, kwa sababu kazi nzuri zipo. Siri ya Mtungi, iliyoanza mwaka 2012 ikimfuata mpiga picha Cheche, iligharimiwa na Wamarekani kwa ajili ya mafunzo ya afya, lakini mafunzo hayakukuziba koo. Watu walizungumza kama watu. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotolewa mwaka 2021 kutoka kitabu cha Adam Shafi, nimeiona mara moja, tena kwa kuvuka bahari hadi Unguja. Kitabu kina mengi ambayo saa moja na nusu haiwezi kuyabeba, na Denge wa kitabuni mimi namwona mkali zaidi. Hata hivyo Siti Amina katika nafasi ya Mwajuma anatosha kulipa nauli ya boti.

Hapa ndipo penye uchungu wangu. Filamu hiyo ilionyeshwa Toronto, ikapelekwa kugombea tuzo za Oscar kwa niaba ya Tanzania, na mtaani kwetu walioiona nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Ile ya honi getini wameiona wote, pamoja na watoto. Ndipo mtu husema Waswahili hawapendi filamu nzuri. Wataipendaje wasiyoonyeshwa?

Naviomba vituo vyetu vya televisheni, na cha taifa kiwe cha kwanza, vitenge usiku mmoja kwa wiki kwa filamu hizi, na wenye haki zao walipwe. Waanze na Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, ambamo Amandina Lihamba ni mke mgonjwa, hospitali imeshindwa, na mumewe anataka ampeleke kwa mganga. Haifiki hata saa moja. Ikianza saa moja usiku, taarifa ya habari ya saa mbili itaikuta imekwisha.

Mtazamaji,
Ngamiani, Tanga.