Chupa ya Kontrasti na Mgonjwa wa Nanganga

Nanganga, pale njia ya Ruangwa inapochepuka kutoka barabara kuu ya Masasi, ni zaidi ya kilomita 500 kutoka Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Muhimbili. Hospitali ya Ndanda iko jirani, na wengi wa huku huanzia hapo. Ila mtu akishukiwa mishipa inayolisha moyo wake imeziba, anahitaji picha za kina, na safari hurefuka.

Mkopo wa IMF wa 2021, shilingi trilioni 1.3, ulifikisha CT scan mikoani. Nashukuru kwa dhati. Lakini taarifa za miradi hupenda kuishia pale mashine inapofungwa, na picha ya mshipa wa moyo haipatikani kwa mashine peke yake.

Mshipa huo una upana wa milimita 3 hivi, nao umelala juu ya msuli usiotulia hata sekunde. Mbali na CT scan, njia nyingine ya kuupiga picha ni MRI, mashine ya sumaku: mgonjwa hubandikwa nyaya kifuani ili picha zifuate mapigo yake, kisha huambiwa: vuta pumzi, ibane. Mishipa yaweza kuonekana hata bila dawa. Kontrasti ya gadolinia ikidungwa mkononi, damu hung'aa na palipobana huonekana vizuri zaidi. Tatizo ni kwamba gadolinia ya kawaida huanza kuvuja nje ya mishipa mapema, ndani ya dakika chache tu. Mpigapicha asiyeizoea hukuta nafasi imeshapita.

Tena kuna figo. Mwaka 2006 madaktari wa Ulaya walianza kuihusisha gadolinia na ugonjwa wa kukakamaa ngozi kwa wenye figo zilizochoka sana. Aina mpya za dawa ni salama zaidi, lakini kupima kreatinini, kipimo cha damu cha figo, kwanza bado ni muhimu. Presha na kisukari huharibu mishipa ya moyo na figo kwa pamoja, hivyo anayeihitaji sana picha hii ndiye hasa anayehitaji kipimo hicho.

Na umeme? Sumaku ya MRI hupozwa kwa heli, na mtambo wa kuipoza hutaka umeme usiku na mchana, na Mtwara na Lindi zimeishi miaka mingi nje ya gridi ya Taifa.

Kwa hiyo bajeti ya mashine inayoletwa kusini iwe na fungu la kontrasti la kila mwaka, vitendanishi vya kreatinini na mafunzo ya wapigapicha. Mgonjwa wa Nanganga aulizwe majibu ya figo Ndanda, kabla hajalipa nauli.