Ziwa Tanganyika likifungwa, mashine ya boti ihifadhiwe vipi?

Vitabu vya maelekezo vinavyokuja na mashine za boti huwa na sura inayohusu kuhifadhi mashine wakati wa baridi. Wamiliki wengi wa boti katika Ziwa Tanganyika huipita sura hiyo bila kuisoma, kwa kuwa katika ziwa hilo hakuna theluji wala maji hayagandi. Hata hivyo, tangu nchi nne zinazolizunguka ziwa zianze kusimamisha uvuvi kwa miezi mitatu, sura hiyo imekuwa na thamani kwa mvuvi wa Kigoma, Rumonge, Uvira, Kalemie na Mpulungu.

Ziwa Tanganyika linamilikiwa na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Kongo na Tanzania pekee zina zaidi ya asilimia 80 ya eneo lake. Kufuatia makubaliano ya mwaka 2021 ya kusimamia uvuvi kwa pamoja, mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili dagaa na migebuka wapate nafasi ya kuzaliana na kukua. Hizo ni siku 92 ambazo mashine haifanyi kazi yoyote.

Kwa mwenye boti, mashine ni mtaji. Mara nyingi ndicho kifaa ghali kuliko vingine vyote alivyo navyo, na pengine imenunuliwa kwa mkopo au kwa fedha za mfanyabiashara wa dagaa anayesubiri mzigo. Mtaji huo unaposimama bila kuzalisha, jambo la kwanza ni kuhakikisha haupungui thamani.

Hasara hutokea wapi

Katika nchi za baridi, adui mkubwa ni maji yanayobaki ndani ya mashine. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia tisa na yanaweza kupasua chuma. Katika Ziwa Tanganyika hatari hiyo haipo, lakini nyingine tatu zipo: petroli iliyolala, unyevu, na maji yaliyoingia kwenye gia bila mwenye mashine kujua.

Wahenga walisema akiba haiozi, lakini petroli huharibika. Sehemu yake nyepesi huyeyuka na kupotea hewani, na kinachobaki huwa kizito na chenye kunata. Katika mashine zinazotumia petroli iliyochanganywa na oili, kama Yamaha Enduro ambazo zimeenea sana Afrika Mashariki, petroli ikiyeyuka oili hubaki ndani ya kabureta na kuziba vitundu vidogo vya kupitishia mafuta. Agosti ikifika, mashine huvutwa kamba asubuhi hadi jioni bila kuwaka, au huwaka na kuzimika inapobebeshwa mzigo.

Unyevu nao hushika ukuta wa silinda na ringi za pistoni. Kutu kidogo tu inatosha kukwaruza silinda siku mashine inapowashwa tena, na kuanzia hapo mashine hupoteza nguvu na kula mafuta zaidi.

Kazi ya nusu siku

Maandalizi yenyewe hayahitaji karakana kubwa. Fundi mmoja mwenye vifaa vya kawaida huweza kuyamaliza kwa nusu siku.

Kwanza, mashine ioshwe ndani. Hufungwa kwenye pipa lenye maji safi yanayofunika matundu ya kuvutia maji, kisha huachwa ingurume taratibu kwa dakika 10 hadi 15 ili mchanga na tope vitoke. Kazi hii ifanyike mahali pa wazi, kwa kuwa moshi wake ni sumu, na propela iondolewe kabla ya kuwasha. Mashine isiwashwe kamwe bila maji, kwani impela ya mpira iliyo ndani ya pampu huungua kwa muda mfupi sana.

Pili, mafuta yaondolewe. Mashine ikiwa bado inanguruma, mpira wa mafuta huchomolewa na mashine kuachwa hadi izime yenyewe. Baada ya hapo skurubu iliyo chini ya kabureta hufunguliwa ili tone la mwisho litoke. Tangi nalo limwagwe. Mchanganyiko uliobaki ni bora uuzwe mapema kwa mwenye boti ya kusafirisha mizigo anayetumia mashine ya aina hiyo, kuliko kuuweka hadi Agosti. Usihifadhiwe ndani ya nyumba ya kulala.

Tatu, silinda zipakwe oili. Plagi hutolewa, kila silinda hutiwa kijiko cha chai cha oili ileile ya kuchanganya na petroli, kisha kamba ya kuwashia huvutwa polepole mara chache ili oili isambae. Plagi hurudishwa baada ya hapo.

Nne, oili ya gia ibadilishwe. Hapa ndipo fedha nyingi huokolewa. Bolti ya chini hufunguliwa, kisha ya juu, na oili kuachwa itiririke yote. Ikitoka na rangi nyeupe kama maziwa, maana yake maji yamepita kwenye sili. Aghalabu chanzo ni uzi wa nyavu uliojizungusha kwenye shafti nyuma ya propela na kuikata sili hiyo. Sili ni kipuri cha bei ndogo, lakini maji yakikaa miezi mitatu kwenye meno ya gia na beringi, mwenye boti hujikuta akinunua gia nzima. Oili mpya huingizwa kwa kusukumwa kupitia tundu la chini hadi itokee tundu la juu, ndipo bolti ya juu ifungwe, kisha ya chini.

Mwisho, shafti ipakwe grisi na mashine isimamishwe wima kwenye kigingi cha mbao ili maji yote yashuke. Ikibidi kulazwa, kichwa kiwe juu kuliko upande wa propela, vinginevyo maji yaliyobaki yatarudi kwenye silinda. Ifunikwe kwa kitambaa kinachopitisha hewa, si kwa nailoni iliyokazwa, maana nailoni hufungia unyevu ndani. Tundu dogo la kutolea maji lifunikwe pia, kwani nyigu hupenda kujenga humo. Betri za taa za kuvulia zichajiwe zijae kabla ya kuwekwa, na zirudiwe kuchajiwa kila mwezi.

Vipuri na mpaka

Suala la mashine halimhusu mvuvi peke yake. Kwa kuwa nchi zote nne hufunga na kufungua kwa kalenda inayofanana, mahitaji ya vipuri hushuka kwa pamoja na kupanda kwa pamoja. Mwenye boti anayegundua tatizo Mei ana miezi mitatu ya kutafuta kipuri halisi na kulinganisha bei. Anayeligundua Agosti 14 hupanga foleni pamoja na wenzake wa ng'ambo, fundi hana nafasi, na kishawishi cha kununua kipuri bandia huwa kikubwa.

Wanaovusha vipuri wakumbuke jambo moja. Cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachotumika kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya. Kabureta iliyotengenezwa Japani haiwi bidhaa ya Afrika Mashariki kwa sababu tu imenunuliwa Kigoma. Risiti itunzwe na mzigo utangazwe forodhani. Anayevusha mashine nzima kwenda kutengenezwa aonyeshe namba yake kwa maofisa wakati wa kutoka, ili inaporudi isichukuliwe kuwa mpya.

Hesabu ya Agosti

Uvuvi wa dagaa hutegemea taa na giza. Mbalamwezi ikikomaa, boti hupumzika. Kwa hiyo mwezi wa kazi ni takriban wiki tatu, na mashine ikilala wiki moja kusubiri kipuri, theluthi ya mapato ya mwezi imekwenda. Hasara hiyo haiishii kwa mmiliki. Wavuvi wake hulipwa kwa mgawo wa samaki waliopatikana, na wanawake wanaokausha dagaa ufukweni Kibirizi hawana cha kuanika.

Ukiweka upande mmoja gharama ya chupa ya oili ya gia, sili, grisi na ujira wa fundi, na upande wa pili wiki moja bila kuvua baada ya miezi mitatu bila kipato, jibu liko wazi. Kazi hiyo ifanyike wiki ileile nyavu zinapotolewa majini, na wiki mbili kabla ya kufunguliwa mashine ijaribiwe tena kwenye pipa, kwa petroli mpya. Tarehe zithibitishwe kila mwaka kwa tangazo la serikali husika.