Kamera ya Video ya Safari za Mbugani (Makala ya Pili): Lenzi, Mwanga na Vumbi

Kamera ya video ya kwendea mbugani huchaguliwa kwa kuanzia kwa mnyama na kuishia dukani. Mambo mawili hutangulia bei na jina la kampuni: mnyama atakuwa umbali gani, na mwanga utakuwa wa saa ngapi. Kwa msafiri anayeondokea Mwembe Tayari, mjini Mombasa, ambako mabasi ya bara hupakia abiria, majibu hubadilika kulingana na njia atakayoishika. Njia ya Voi, takriban kilomita 160, humfikisha Tsavo Mashariki, nyika iliyo wazi ambayo ndovu huonekana ndani yake kutoka mbali sana. Akivuka Likoni na kupanda Kwale atakuta Shimba Hills, msitu wa kivuli wenye palahala, swala ambaye nchini Kenya hapatikani porini kwingine. Akiendelea kusini hadi Shimoni atapanda mashua kwenda hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, ambako pomboo huja hadi ubavuni mwa chombo. Hakuna kamera moja inayozimudu safari zote tatu kwa ubora ule ule. Tsavo ndiyo inayostahili kufikiriwa kwanza, kwa kuwa huko ndiko kamera nyingi za nyumbani hushindwa.

Uwezo wa lenzi kufika mbali hutajwa kwa milimita, kwa kipimo cha kamera za filamu ya milimita 35. Hesabu yake ni nyepesi: 36 ikigawanywa kwa milimita za lenzi, kisha jibu likizidishwa kwa umbali wa mnyama, hupatikana upana wa eneo litakaloingia pichani. Simu yenye lenzi ya kawaida ya milimita 24 ikielekezwa kwa ndovu aliye mita 100 huchukua upana wa mita 150, na mnyama mwenye urefu wa mita 6 huwa doa jekundu kwa vumbi katikati ya vichaka. Lenzi ya milimita 600, kwa umbali huo huo, huchukua mita 6 tu. Ndovu huijaza fremu kutoka mkonga hadi mkia. Ndiyo maana milimita 600 ni kiwango cha kuridhisha kwa wanyama wakubwa. Kwa ndege haitoshi sana: ndege wa sentimita 20 akiwa mita 10 hushika theluthi moja tu ya upana wa picha.

Zumu ya kidijitali, ile inayoandikwa kwa tarakimu kubwa kwenye kasha, haiingii katika hesabu hiyo. Inachofanya ni kukata katikati ya picha na kuitanua, kazi ambayo inaweza kufanywa baadaye kwenye kompyuta bila gharama yoyote. Zumu ya kuaminiwa ni ile ya vioo vya lenzi peke yake.

Hata hiyo nayo ina mipaka, na mipaka yake huonekana vizuri kwa kulinganisha kamera mbili zinazojulikana na wasafiri. Nikon P1000 ya mwaka 2018 hufika milimita 3000. Sony RX10 IV ya mwaka 2017 huishia 600. Anayetazama namba hizo pekee ataichukua ya kwanza bila kusita. Lakini kihisi cha Sony, sehemu inayopokea mwanga, kina eneo kubwa kuliko cha Nikon kwa takriban mara 4. Aidha, zumu ikifikishwa mwisho, tundu la lenzi ya Nikon huwa f/8 na la Sony f/4, maana yake kila milimita ya mraba ya kihisi cha Nikon hupata robo tu ya mwanga. Saa 5 mchana tofauti hiyo haisumbui. Tatizo ni kwamba simba na chui hawapangi shughuli zao kwa saa 5 mchana. Karibu na ikweta jua huchomoza na kutua upesi, magharibi ni fupi, na saa za wanyama kutembea ndizo hizo hizo za mwanga hafifu. Kamera yenye njaa ya mwanga hujaza picha chengachenga wakati huo, na hakuna programu inayozisafisha kabisa.

Mchana nao una adui wake. Ardhi ya Tsavo ikishapata joto, hewa iliyo juu yake huchemka, na mazigazi hufanya kila kitu kilicho mbali kitetemeke kama kilicho ndani ya maji. Lenzi ndefu hukuza mtetemeko huo pamoja na mnyama. Kwa hiyo milimita 3000 hutumika kwa ubora wake kwa muda mfupi sana wa siku, nazo hufaa zaidi kwa ndege aliyetulia kuliko kwa kundi linalotembea. Kwa msafiri wa kawaida, kamera ya milimita 400 hadi 600 yenye kihisi cha inchi moja ni ununuzi wa busara zaidi. Kamera za lenzi za kubadilisha hutoa picha bora kuliko zote hizi, ila lenzi moja ya milimita 600 huweza kuwa na uzito wa kilo 2 bila kamera yenyewe, na kubadilisha lenzi katikati ya vumbi ni kulialika ndani.

Lenzi ndefu pia hukuza kila mtikiso wa mkono. Tripodi haina nafasi ndani ya gari, na mbugani hairuhusiwi kushuka isipokuwa mahali palipotengwa, kama kwenye chemchemi za Mzima, Tsavo Magharibi. Dawa ya zamani bado haijapitwa: mfuko wa kitambaa ulioshonwa imara, ukasafiri mtupu, ukajazwa kilo mbili za mchele au maharagwe na kuwekwa kwenye dirisha la gari. Soko la Mwembe Tayari linauza vyote viwili. Sharti lake ni injini kuzimwa, kwa kuwa mfuko hauzuii mngurumo wa dizeli.

Muda wa kurekodi hufaa kuulizwa kabla ya kununua. Alan na Joan Root walipotengeneza filamu yao ya Mzima, iliyotoka mwaka 1972 na kuonyesha viboko chini ya maji katika chemchemi zile zile zinazoinywesha Mombasa, filamu ya milimita 16 ya futi 400 ilidumu dakika 11 tu. Kamera nyingi za picha zinazorekodi video zilikuwa zikijizima kabla ya kutimiza dakika 30, kwa sababu Umoja wa Ulaya uliitoza ushuru zaidi kamera inayovuka muda huo. Kamera za video halisi hazina kikomo hicho. Kadi nayo ina hesabu yake: video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa, hivyo kadi ya gigabaiti 64 hujaa kwa dakika 85 hivi. Alama ya V30 juu ya kadi inatosha.

Kamera zinazoletwa na jamaa kutoka Marekani zina mtego ambao wengi huugundua wakiwa wameshachelewa. Baadhi hurekodi kwa fremu 30 au 60 pekee, ilhali umeme wa Kenya ni wa hezi 50. Video ya usiku katika vichochoro vya Mji wa Kale, chini ya taa za umeme, huweza kumetameta. Inayokubali 25 na 50 huepuka hilo, na zinazouzwa Dubai kwa kawaida hukubali.

Vumbi jekundu la Tsavo na chumvi ya Pwani huua kamera kwa njia tofauti. Ushauri wa vitabu vya zamani, kuifunga kamera kwa mfuko wa plastiki, haufuatiki tena: Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, na tangu 5 Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi katika hifadhi. Leso iliyokunjwa mara mbili hufanya kazi hiyo vizuri. Kisiwani Mombasa, unyevu huotesha ukungu ndani ya lenzi, kwa hiyo kamera huwekwa katika kasha linaloziba pamoja na vifuko vya kunyonya maji. Anayenunua kamera iliyotumika huikagua lenzi kwa kumulika tochi kutoka nyuma. Nyuzi nyeupe zikionekana kwenye kioo, bei yoyote ni ghali. Kwa mashua za Shimoni, kamera ndogo ya michezo inayohimili kina cha mita 10 bila kasha hufaa kuliko hizi zote.

Sauti ni udhaifu wa karibu kila kamera. Upepo wa nyika huziba kila kitu maikrofoni isipovishwa manyoya bandia, hivyo tundu la maikrofoni ya nje lihesabiwe kuwa la lazima. Ngurumo za ndovu kwa sehemu kubwa huwa chini ya hezi 20, kiwango kisichosikiwa na mwanadamu, na kukosekana kwake kwenye video si hitilafu ya kamera.

Droni hairuki mbugani bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, mbali na kile cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Anayerekodi kwa ajili ya nyumbani hulipa kiingilio cha kawaida tu. Anayerekodi ili kuuza huhitaji leseni ya filamu, na hulipa ada nyingine ya hifadhi.